Kitanda cha Mama na Mashine ya Shemeji

Mama mkwe alipopangiwa tarehe ya upasuaji wa mtoto wa jicho mjini Kisii, sisi tulianza kuzungumzia kitanda kabla ya jicho. Kwao Nyamira si mbali, na matatu zipo tangu alfajiri, lakini mtu aliyetoka kufunguliwa jicho hawezi kusukumana kwenye matatu jioni hiyo, arudi kesho yake kuondolewa bandeji, kisha aje tena kuangaliwa wiki inayofuata. Ilikuwa lazima akae kwetu. Na kwetu ni hapa juu ya soko la Daraja Mbili, nyumba ya kupanga yenye chumba chetu mimi na mume wangu, kijichumba cha watoto ambacho dabo-deka imekijaza hadi mlango haufunguki wote, na sebule.

Chumba chetu hakikuhesabiwa. Abagusii wana heshima yao kati ya mzazi na mtoto aliyeoa, wanaiita chinsoni, na mojawapo ya mambo yake ni kwamba mama halali kwenye kitanda cha mwanawe na mkewe. Hakuna aliyehitaji kulisema. Mama angelala sebuleni, na sebuleni kuna ukuta mmoja tu unaotosha kitanda, ule usio na mlango wala dirisha. Mbele ya ukuta huo ilikuwepo meza ya shemeji, na kando ya meza, sakafuni, ilisimama mashine yake.

Shemeji ndiye kitinda mimba wa nyumba yao na amekaa nasi tangu alipomaliza chuo. Hupiga picha za video: harusi, nyimbo za injili, na zaidi ya yote mazishi. Asiyeishi huku huenda asielewe kwa nini video ya mazishi ni kazi nzito. Familia nyingi za Kisii na Nyamira zina watoto Marekani, hasa Minnesota, na si kila mmoja anayefiwa hupata ruhusa, nauli au karatasi za kumwezesha kuja kuzika. Atakachokiona cha kaburi la mama yake ni kile shemeji atakachomtumia. Nimemwona akirudia sauti ya mjomba mmoja usiku mzima ili upepo usimfunike anapomtaja marehemu. Kazi hiyo inataka mashine yenye nguvu, naye alikuwa nayo.

Aliinunua imetumika, moja ya zile zinazoingia nchini kutoka Uingereza na Dubai. Ndani yake mlikuwa na prosesa ya Intel, Core i5-2500K, iliyotoka Januari 2011. Kwa umri ni kizee, lakini herufi K ya mwisho ndiyo iliyomvutia: maana yake kiwanda hakikuifunga kasi. Prosesa hiyo hupata mwendo wake kwa kuzidisha mapigo ya megahezi 100 kwa namba fulani. Kiwandani namba hiyo ni 33, ndiyo hizo gigahezi 3.3. Anayetaka huingia kwenye bayosi na kuandika 45, na mashine ikikubali hukimbia kwa 4.5. Ili ikubali, mara nyingi huiongezea volteji, na hapo ndipo gharama ilipo.

Nafundisha fizikia, kwa hiyo gharama hiyo niliifahamu kabla ya kuiona. Umeme unaoliwa na prosesa hupanda sambamba na kasi, lakini kwa volteji hupanda kwa mraba wake. Ukitoka volti 1.2 hadi 1.35, na kasi ikitoka 3.3 hadi 4.5, wati 95 za kiwandani zinafika kama 160. Wati zote hizo zinaishia kuwa joto, katika kipande cha silikoni cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba hivi. Shemeji alilijua hilo pia, na ndiyo sababu alikuwa amefunga juu ya prosesa kipozeo kirefu cha Cooler Master, cha aina ya Hyper 212, chenye mirija ya shaba, mapezi ya alumini na feni ubavuni. Ndani ya kasha lake kubwa la zamani kilisimama kama mnara na bado nafasi ikabaki.

Nafasi hiyo ndiyo iliyomkera mume wangu. Jioni moja aliondoa ubavu wa kasha, akachungulia kwa tochi ya simu, akasema vitu vilivyo ndani havijazi hata nusu yake. Na kweli kwa macho ilionekana hivyo. Mazabodi ilikuwa ya saizi ya micro-ATX, mraba wa milimita 244 kwa 244, imefungwa katika kasha lililotengenezewa saizi kubwa ya ATX, ile ya milimita 305 kwa 244 ambayo Intel waliitangaza mwaka 1995. Chini yake palikuwa patupu, mbele patupu. Mume wangu alisema tunalipa kodi ya nyumba kuhifadhi hewa. Shemeji hakubisha, kwa kuwa anayekuja ni mama yake. Akapima mazabodi urefu na upana, akapima kadi ya grafiksi, akaenda mjini, akarudi na kasha jembamba la mkono wa pili, zuri, la kukaa juu ya rafu. Rafu ingetundikwa ukutani juu ya upande wa miguu, na kitanda kingepita chini yake.

Kazi ya kuhamisha ilifanyika Jumapili, meza ikiwa imetandikwa shuka. Ubavu ulipotoka na vitu vikaanza kuchomolewa, niliona kitu ambacho sikukitegemea. Katikati ya mapezi ya kipozeo palikuwa na tabaka la nyuzi za rangi rangi, buluu, nyekundu, nyeupe, zimeshikana mithili ya blanketi. Soko la Daraja Mbili lina siku zake kuu mbili, Jumatatu na Alhamisi, na siku hizo marobota ya mitumba hufunguliwa na kukung'utwa tangu saa kumi na mbili asubuhi. Pamoja na vumbi la lori za ndizi zinazopakia kwenda Nairobi, nyuzi hizo hupanda kilima hadi madirishani kwetu, na feni ya shemeji ilikuwa imezivuta miaka yote hiyo. Alizitoa kwa brashi ya rangi, taratibu, pezi baada ya pezi. Binti yangu wa kwanza, aliye darasa la sita, alishika bakuli la skrubu na kuzipanga kwa ukubwa kwenye kifuniko cha sufuria.

Mazabodi iliingia. Kadi ya grafiksi, GTX 1050 Ti, ambayo ni fupi na hula wati 75 tu kupitia tundu lake bila waya wa ziada, iliingia. Pawa saplai ikaingia juu, mdomo wake ukielekea prosesa. Shemeji akafunga kipozeo, akachukua ubavu wa kasha, akauweka, nao ukasimama hewani. Aliusukuma kidogo. Kipozeo kile kina urefu wa karibu milimita 159. Kasha lile, toka ukuta hadi ukuta, lilikuwa na nafasi ya kama 125 juu ya prosesa. Urefu wa mazabodi alikuwa ameupima, na upana. Kimo hakikupimwa, kwa sababu jina micro-ATX halisemi lolote kuhusu kimo.

Kijana wa saiba jirani ndiye aliyeleta suluhisho la kwanza: kipozeo kifupi cha kiwandani, kile cha mviringo kinachokuja na prosesa ndani ya boksi lake, alichokuwa nacho kwenye droo. Alileta na ushauri kwamba pesti ya prosesa ikikosekana dawa ya meno inatosha. Huo ushauri nimeusikia kwa vijana wengi, na naomba niliseme hapa waziwazi: dawa ya meno ina maji, na maji hayo hukauka kwa joto ndani ya muda mfupi, ukabaki unga usiopitisha joto vizuri. Shemeji alienda kununua kijisindano cha pesti yenyewe, akaweka tone moja la ukubwa wa punje ya dengu, akabana.

Ubavu ukafunga. Akachomeka waya, akabonyeza swichi. Feni iliruka robo mzunguko ikasimama. Akabonyeza tena, ikaruka tena, ikasimama. Skrini haikutoa hata alama.

Sijui kama kuna ukimya mzito zaidi wa ule wa mtu aliyefungua mashine inayomlisha na sasa haiwaki. Alichomoa ramu akarudisha. Alichomoa kadi. Alitoa ile betri ya duara ya mazabodi, inayohifadhi maagizo ya bayosi, akaiweka kando dakika kadhaa, akairudisha, na bado feni iliruka tu. Mume wangu alianza kupiga hesabu ya mahali pa kukopa. Binti yangu, aliyekuwa amekaa na bakuli lake la skrubu, aliuliza kwa nini skrubu za mazabodi ni nane na vile vinguzo vya shaba vinavyoshikilia ubao ni tisa.

Shemeji alimtazama, akaitoa mazabodi yote. Kweli, mwenye kasha wa zamani alikuwa na ubao wa mpangilio mwingine, akaacha kinguzo kimoja mahali ambapo ubao wetu hauna tundu. Ncha yake ya shaba ilikuwa imegusa nyuma ya mazabodi, kwenye viungo vya lehemu, umeme ukapata njia ya mkato, na pawa saplai, kwa kuwa imeundwa kujikinga, ikawa inazima kila mara kabla hakijaungua kitu. Alikifungua kinguzo kwa koleo, akampa binti yangu akiweke. Mashine ikawaka mara moja. Watoto walipiga makofi hadi jirani wa chini akaita kuuliza kuna nini.

Mama alikuja Jumanne, na kikapu cha ndizi na mboga ya rinagu, na kitanda kikamsubiri ukutani. Upasuaji ulikwenda salama. Aliporudi amefunikwa jicho tulipewa maagizo: matone ya dawa kwa saa zake, asiiname, asibebe mzigo, na vumbi na maji visimfikie jichoni. Shemeji alikuwa amehamia kulala kwa rafiki yake nyuma ya soko, akija mchana kufanya kazi huku mama akimsikiliza. Mashine ilikaa juu ya rafu, kimya, baridi ukiigusa, na kila mtu aliyeingia alisema kasha dogo limependeza. Nami nilishangaa. Kwa hesabu zangu haikupaswa kuwa baridi vile.

Sababu ilikuwa ile betri ya duara. Ilipotolewa, bayosi ilisahau kila kitu ilichoagizwa, pamoja na ile namba 45. Prosesa ilikuwa imerudi 33 yake ya kiwandani na wati zake zisizozidi 95, ambazo kipozeo kifupi kimetengenezewa hasa. Shemeji aliligundua hilo siku ya Ijumaa, alipopata kazi ya mazishi yaliyofanyika upande wa Kebirigo. Watoto wanne wa marehemu walikuwa Minnesota na walitaka filamu kamili kabla ya ibada yao ya kumbukumbu Jumapili. Aliona kazi inatambaa, akaangalia kasi, akaelewa. Akaingia bayosi akarudisha 45 na volteji yake.

Usiku huo ilinyesha. Hapa Kisii mvua si habari: unyevu wa Ziwa Victoria hupanda hadi kwenye hivi vilima, na alasiri nyingi za mwaka huishia kwa ngurumo. Kwa radi shemeji huwa anachomoa kila kitu ukutani, lakini ngurumo ilipita mapema ikabaki mvua ya kawaida juu ya mabati, nzito, isiyoruhusu kusikia feni. Madirisha yalifungwa kwa ajili ya jicho la mama. Aliiacha mashine ikirenda filamu, akaenda kulala.

Kama saa nane usiku mama aliniita. Nilitoka nikamkuta ameketi kitandani, miguu ameikunja.

"Mwanangu," akasema, "huku miguuni kuna jiko?"

Niliweka mkono nyuma ya kasha. Hewa iliyokuwa ikitoka ilinichoma kiganja. Niliwasha skrini: video ilikuwa imesimama kwenye picha ya wanawake wa kanisa wakishuka mlima na maua, na kipimajoto pembeni kiliandika nyuzi 98. Hicho ndicho kiwango ambacho prosesa hii huanza kujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Mashine iliyopandishwa hadi 4.5 ilikuwa inakwenda polepole kuliko ilivyokwenda Alhamisi ikiwa 3.3. Nikiwa bado natazama, ikazimika.

Mama aliniuliza wale wanawake ni wa wapi. Nilimwambia Kebirigo. Akasema kwa jicho lake moja lililo wazi amemtambua wa pili kutoka kushoto, walichuma chai pamoja wakiwa wasichana, na akataka kujua ni nani aliyefariki. Nilipomtajia, alikaa muda mrefu bila kusema. Kisha akasema kazi hiyo isikose kufika kwa watoto wa yule mama, na kama ni kitanda chake kinachozuia, yeye atalala chini. Asubuhi nilimweleza shemeji maneno hayo kama yalivyosemwa, na nadhani ndiyo yaliyofanya tusikubali njia ya mkato.

Njia ya mkato ilikuwepo, kuacha ubavu wazi. Vijana wengi huacha. Lakini mashine iliyo wazi juu ya rafu, karibu na mgonjwa wa jicho, inapuliza kila vumbi inalolivuta. Mtoto wangu wa pili ana miaka mitatu na vidole vyake havijui mipaka. Na mende wa Daraja Mbili hupenda penye joto. Nilikaa na shemeji tukafanya hesabu nyuma ya daftari la binti yangu. Wati 160 za prosesa, 75 za kadi, na za vitu vingine, jumla kama 260. Hewa ikiingia kwenye kasha na kutoka ikiwa imepanda nyuzi 10, zinahitajika lita 25 hivi kila sekunde. Ni zaidi ya mtungi wa maji wa lita 20, uliojaa hewa, kila sekunde, usiku kucha. Tena mji wetu uko mita kama 1,700 juu ya bahari, ambapo hewa ni nyepesi kwa asilimia 15 hivi kuliko ya Mombasa, kwa hiyo feni ileile ikizunguka vilevile hubeba joto pungufu. Kasha jembamba lilikuwa na vitundu vichache mbele vyenye upana wa penseli. Ule utupu ambao mume wangu aliuona ndani ya kasha kubwa ulikuwa barabara ya hewa hiyo. Ulikuwa sehemu ya mashine sawa na ramu au prosesa, na tuliuacha nje tulipohamisha vingine vyote.

Kwenye njia ya kushukia sokoni kuna safu ya mafundi wa bati. Hutengeneza majiko, vyombo vya kulishia kuku, na kila mwaka shule zikikaribia kufunguliwa, masanduku ya bweni. Kwa mmoja wao, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ndiko shemeji alikopeleka ubavu wa kasha Jumamosi asubuhi, akiwa ameandika kwenye karatasi vipimo alivyovitoa kwenye intaneti. Nilifuatana naye. Mzee aliigeuza ile karatasi, akaiweka chini ya nyundo isipeperuke.

"Hiki ni kifuniko. Kinachofunikwa kiko wapi?"

"Kiko nyumbani, mzee. Lakini vipimo ni hivyo."

"Mimi sijawahi kukata sanduku kwa mtu aliyeacha nguo zake nyumbani akaniambia ni nyingi. Leta."

Tulirudi, tukaleta kasha lenyewe, kile kipozeo kirefu kikiwa kimerudishwa mahali pake, vyote vimefungwa kwenye leso. Mzee aliondoa leso, akatazama ndani bila kugusa. Alichukua kijiti cha ufagio, akakisimamisha kando ya kipozeo, akakivunja sawasawa na kilele chake. Kisha akapitisha rula ya chuma juu ya kingo za kasha, akaona kijiti kimezidi kwa kiasi gani, akaongeza upana wa kidole kimoja. "Kitu chenye moto hakibanwi na kifuniko," alisema, na hilo ndilo lote alilolisema kuhusu nadharia.

Kabla ya kukata alitutaka tutoe kila kitu ndani ya kasha, hata waya. Shemeji alitaka kufunika kwa gazeti tu. Mzee alikataa, akaonyesha chini ya kipande cha reli anachokitumia kama fuawe: palikuwa na chembe za chuma nyembamba kuliko nywele, zilizotapakaa kote. Moja yake ikilala kati ya miguu miwili ya mazabodi, kilichotupata kwa kile kinguzo cha shaba kingejirudia, na safari hii huenda kingeunguza. Vitu vikarudi kwenye leso na mimi nikavipakata.

Alipigilia msumari katikati ya ubavu, akafunga waya, akauzungusha na ncha kali hadi mduara ukaonekana kwenye rangi. Akapita juu yake kwa tindo, pigo moja moja, kila pigo likigusa lililotangulia, mpaka kipande kikadondoka kikilia. Akasugua kingo kwa tupa mpaka akaweza kupitisha kidole gumba. Kisha akachukua bati jipya akalikunja pembe nne kwa namna ileile anavyokunja vifuniko vya masanduku ya shule, ukingo umerudishwa ndani mara mbili ili usikate mkono, akapata kibumba cha kimo cha vidole vitatu. Juu ya kibumba alitoboa tundu la pili kwa feni ya milimita 120, na akaliziba kwa wavu wa chekecheke wenye macho mapana. Shemeji alitaka wavu wa mbu kwa ajili ya zile nyuzi za mitumba. Mzee alipuliza kupitia wavu wa mbu, akapuliza kupitia chekecheke, akampa shemeji naye apulize. Tukachukua chekecheke. Mbele, pale kwenye vile vitundu vya penseli, alikata dirisha jingine, ili hewa iwe na pa kuingilia.

Jioni hiyo mashine iliwaka ikiwa na kibumba chake ubavuni, cha rangi ya bati mbichi juu ya kasha jeusi. Kwa 4.5 joto lilisimama kwenye nyuzi 80 na kitu, ikafanya kazi, lakini feni zililia kwa nguvu na mama alikuwa mita moja kutoka hapo. Nilimwomba shemeji tujaribu 40 kwa volteji ya kawaida. Kwa hesabu ileile, wati zinashuka toka 160 hadi 115 hivi. Kazi ya saa moja inaongezeka dakika saba na nusu. Alisita, kwa kuwa ile 4.5 aliitafuta kwa wiki nyingi, akipandisha hatua moja na kuijaribu, na kwake ilikuwa heshima ya kazi yake. Namwelewa. Lakini dakika saba na nusu usiku wa manane hazimnyimi mtu kitu, na nyuzi 65 zilizoonekana kwenye skrini baada ya kubadilisha zilimpa mama usingizi wake na prosesa ya mwaka 2011 miaka ambayo haikutazamiwa. Aliiacha kwenye 40. Mpaka leo iko hapo.

Filamu ilimalizika kabla ya alfajiri ya Jumapili, na kwa tofauti ya saa kati yetu na Minnesota ikafika wakati kule bado ni Jumamosi usiku. Mama aliitazama yote mchana, akiwa ameegemea mto, akimwambia binti yangu majina ya watu na nani amezaliwa na nani. Binti yangu aliyaandika. Shemeji sasa huyatumia majina hayo chini ya picha, na familia iliyomwagiza ilipiga simu kuomba aongeze na mengine.

Mama alirudi Nyamira jicho limepona. Kitanda tulikiacha, kwa sababu jicho la pili litafanyiwa upasuaji mwezi ujao. Kasha kubwa la zamani mzee alilichukua kama sehemu ya malipo; bati lake ni nene kuliko analonunua. Na yule kijana wa saiba, baada ya kuona kibumba chetu, alipeleka ubavu wa mashine yake kwa mafundi wiki iliyopita, na karatasi ya vipimo. Alirejea kuchukua mashine nzima.